Kijiti Kinavuta Kushoto

Jilala kaileta pedi ndani ya mfuko wa sukari,
kaiweka mezani kwangu kama anayeleta kuku mgonjwa.
"Dada, mchezaji wangu anatembea mwenyewe.
Sijamgusa. Mimi nakunywa chai, yeye anakwenda."
Mama yake, mlangoni, kashaamua: hilo ni jini,
na jini la Isevya halitolewi kwa bisibisi.

Nikachomeka waya. Kompyuta ikalia kuitikia hodi.
Kwenye kioo, winga namba kumi na moja
kauacha mpira, kaiacha timu,
anakwenda kushoto, hana haraka,
mpaka kwenye chaki, anausukuma ukingo
kama ng'ombe anayeijua njia ya lambo.

Nilianza na yale ya kila mtu.
Chomoa, chomeka. Tundu la mbele, tundu la nyuma.
Waya mwingine, wa kuazima kwa Kalunde wa stesheneri.
Nikazima, nikahesabu ishirini, nikawasha.
Kushoto.
Nikafungua sehemu ya majaribio: kisanduku cheupe,
na msalaba mdogo uliopaswa kulala katikati.
Haulali. Unatetemeka kando
kama mgeni aliyeambiwa aketi na bado anatazama mlango.

Nikaifundisha upya. Kompyuta inasema:
achia kijiti, usiguse, nionyeshe kati.
Nikaondoa mkono. Nikabana hata pumzi.
Sasa zungusha, pembe zote. Nikazungusha.
Ikakubali. Dakika tano za utii;
Jilala akapiga makofi, mama yake akaenda zake,
kisha winga akakumbuka safari.

Basi, bisibisi.
Skrubu nne, na ya tano imejificha chini ya karatasi ya nembo.
Ndani: vumbi letu, jekundu, laini kama poda,
unyoya mmoja, na tone la asali lililokauka
(hapo Jilala akatazama dari).
Pamba, spiriti ya hospitali.
Nikasugua, nikapuliza, nikasubiri ikauke.
Msalaba ukarudi nusu ya njia.
Nusu.

Ndipo nilipong'oa kifuniko cha kijisahani cha kaboni
nikakisogeza chini ya taa.
Kulia ni cheusi, kizima, kinang'aa.
Kushoto kimelika,
mfereji mwembamba kama ukingo wa kucha.
Vumbi halichimbi hivyo. Hicho ni kidole gumba.
Mhoja, ni chako.

Ulicheza umeegemea kushoto, shingo na yote,
krosi zote za kushoto,
na ukikosa bao ulizidi kukandamiza huko huko
kana kwamba goli lingehama likufuate.
Hapa reli inagawanyika:
Mwanza juu, Dar kulia,
na kushoto ya ramani, chuma kinapoishia, Kigoma,
unakopakia madumu ya mawese
na simu yako inaita, inaita.

Kuna kiwango cha kupuuza. Unaiambia mashine:
mvuto mdogo kama huu usiuhesabu.
Nikaweka asilimia kumi na mbili.
Winga akasimama. Akasimama kabisa, mikono kiunoni,
nyasi zikipepea miguuni pake.
Jilala akaijaribu, akakunja uso.
"Mbona mzito? Nikimgusa kidogo hasikii."
Hasikii, ndiyo. Kidogo chote sasa ni sawa kwake,
chako na cha jini.

Ijumaa nitang'oa kijiti kizima
kwenye ile pedi ya Ntabo iliyoingia maji,
nitakichomea hapa kwa risasi, tumalize.
Kijisahani chako nimekitia kwenye ganda la kiberiti,
juu nimeandika kwa kalamu: kushoto.
Jilala kauliza ninakitunzia nini kitu kibovu.
Nimemwambia alete elfu tatu ya risasi,
na anawe mikono.